Akiba ya dharura uiweke wapi: simu, kikoba, SACCOS, UTT au zizini?

Masika yakishika Arusha na Moshi, magari ya watalii hupumzishwa, wagumu, yaani wapagazi, hawapandi mlima kama kawaida, na hofu ya pesa huingia nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Januari huleta hofu nyingine: Krismasi imeshaliwa Uchaggani, ada inadaiwa, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Iko pia ile isiyo na msimu, mtoto anapozidiwa saa nane za usiku na kukimbizwa hospitali ya Mawenzi au Mount Meru.

Mtu anayesema "nina wasiwasi wa hela" anaweza kuwa na moja tu kati ya hofu hizo, na kila hofu ina dawa yake. Ndiyo maana ushauri hugongana. Jirani anasema ingia kikoba, kijana wa ofisini anasema nunua vipande vya UTT, yaani sehemu za mfuko wa uwekezaji wa pamoja, mzee nyumbani anasema nunua ng'ombe. Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja anakutibu kwa ugonjwa aliowahi kuugua yeye.

Kabla ya kulinganisha, pata kiasi chako. Andika matumizi ya mwezi ambayo huwezi kuyakwepa. Kwa mfano: chakula 240,000, kodi 100,000, nauli 60,000, umeme na gesi 45,000, maji na vocha 25,000. Jumla ni shilingi 470,000. Sasa jiulize kipato chako kinaweza kukatika kwa muda gani. Mwalimu mwenye mshahara anaweza kuridhika na akiba ya miezi 2 au 3. Dereva wa utalii anajua kabisa kwamba Aprili na Mei zitakuwa kavu mfukoni, na mwaka 2020 ulionyesha kwamba utalii unaweza kusimama karibu wote. Kwake miezi 5 au 6 si woga uliozidi. Kiasi hicho usikitazame chote kwa mara moja, kinakatisha tamaa. Anza na cha wiki mbili, hapa kama 235,000.

Vigezo

Kila njia tutaipima kwa maswali yaleyale matano. Pesa inatoka haraka kiasi gani, hasa usiku na Jumapili? Inaweza kupotea kwa njia zipi? Inakua au inasinyaa? Inakulinda vipi na mkono wako mwenyewe na maombi ya ndugu? Na ukifa au ukilazwa hujitambui, nani ataipata, baada ya muda gani? Swali la mwisho watu huliruka, ilhali ndilo linaloacha wajane wakizunguka na makaratasi.

Simu na akaunti ya benki

Kwa kasi, simu haina mpinzani. Saa nane usiku unalipa bodaboda, dawa na kadi ya hospitali bila kumwamsha mtu. Akaunti ya kawaida ya benki inaikaribia ukiwa na kadi au umeiunganisha na simu.

Kupotea, tofautisha mambo mawili. Pesa ya simu hupotea zaidi kwa utapeli: ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", mtu anayejifanya mhudumu na kukuomba namba ya siri, au laini yako kusajiliwa upya na mwingine. Kuna na mtego usioonekana: ukiwa na deni la mkopo wa simu, pesa inayoingia hukatwa kwanza, kwa hiyo akiba unayodhani umeiweka inageuka rejesho. Benki hatari yake ni nyingine. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5, mojawapo Meru Community Bank ya hapahapa Arusha. Bodi ya Bima ya Amana hulipa wateja wa benki iliyofungwa hadi kikomo maalumu kwa kila mtu katika kila benki. Wakati ule kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000, sasa ni 7,500,000. Kinachozidi hapo husubiri ufilisi, na ufilisi huchukua miaka. Ukiwa na milioni 12, kuzigawa benki mbili ni busara ya kawaida.

Kukua, kidogo mno au hakuna. Tunasema akiba haiozi, lakini noti iliyolala inaoza taratibu. Tangu 2018 mfumuko wa bei Tanzania umekuwa chini ya asilimia 5 kwa mwaka. Hata kwa asilimia 4 tu, milioni moja iliyokaa miaka 5 bila faida itanunua vitu vya kama 820,000 za leo. Kibubu cha mbao kina tatizo hilohilo, na juu yake kuna moto, mwizi na mchwa.

Mkono: hapa ndipo simu inaposhindwa vibaya. Salio linaonekana kila unapotuma nauli, na ndugu akipiga ni vigumu kusema huna ilhali unalo. Afadhali laini ya pili isiyo na namba inayojulikana, au akaunti ya benki isiyo na kadi.

Ukifa, familia itahitaji barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Jambo hilo huchukua wiki au miezi, na fedha za mazishi hazisubiri.

Inamfaa yeyote kwa kile kiasi cha wiki mbili cha kwanza. Kwa zaidi ya hapo, ni wachache wenye mkono mzito wa kutosha.

Mchezo na kikoba

Watu huvichanganya, na kuvichanganya kunagharimu. Mchezo ni watu 10, kwa mfano, kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 500,000 kupitia kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango. Wa kwanza amepata mkopo usio na riba. Wa kumi ameweka akiba isiyo na faida na amebeba hatari ya wote waliotangulia, kwa sababu aliyekwisha kupokea hana tena cha kumvuta aendelee kuchanga. Mchezo ni mzuri kwa kitu chenye tarehe: cherehani, kodi, mtaji wa mitumba pale Memorial. Kwa dharura haufai, maana dharura haifuati zamu. Vijumbe wengine hukubali kubadilishana zamu mtu akifiwa, lakini huo ni wema wa watu, hauna kanuni.

Kikoba kina muundo. Wanachama, mara nyingi 15 hadi 30, hukutana kila wiki na kununua hisa. Tuseme hisa moja ni 5,000 na wewe unanunua 3 kila wiki. Kwa wiki 52 umeweka 780,000. Pesa zinakopeshwa ndani, mara nyingi hadi mara tatu ya hisa za mtu, na mwisho wa mzunguko mnavunja na kugawana pamoja na riba. Pembeni kuna mfuko wa jamii: watu 25 wakitoa 1,000 kwa wiki, mwaka una 1,300,000 za kusaidia anayefiwa au kuuguliwa. Mfuko huo ndio bima halisi ya watu wengi wa Ngaramtoni, Sakina, Majengo na Kiboriloni, na hauombi fomu wala picha ya pasipoti.

Kasi yake ni ya kati. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Huo ni ulinzi mzuri, lakini usiku huo huwapati wote watatu. Kesho yake asubuhi, ndiyo. Vikundi vinavyotumia M-Koba, huduma iliyoanza 2019, hutunza pesa kwenye simu, wanachama wanaona michango, na kutoa kunahitaji idhini ya viongozi. Inapunguza hatari ya sanduku nyumbani kwa mtu.

Kupotea hutokea kwa njia zinazojirudia, na karibu zote zinazuilika. Ya kwanza: mikopo inatolewa hadi mwezi wa mwisho, siku ya kugawana inafika na nusu ya pesa iko mifukoni mwa watu. Katiba ikataze mkopo mpya katika miezi 3 ya mwisho. Ya pili: mwenyekiti au mweka hazina anakopa zaidi ya kiwango kwa kuwa hakuna wa kumwambia hapana. Ya tatu: mfuko unakuwa mkubwa, milioni 10 na kuendelea, bado uko kwenye sanduku. Ukifika hapo, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Ya nne: wanachama wote wana kazi moja. Kikoba cha wapagazi na wapishi wa mlimani watupu kitakaukiwa Aprili yote, kila mtu akitaka kukopa na hakuna wa kurejesha. Changanyeni mama wa Soko la Mbuyuni, mwalimu, fundi na mtu wa utalii.

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na usajili hupitia halmashauri. Cheti hakizuii wizi, lakini bila cheti hata kushtaki kunakuwa kugumu.

Faida yake huonekana kubwa, ila kumbuka inatoka wapi: ni riba mnayolipana wenyewe. Asiyekopa hupata, mkopaji mzito hujilipa na kuwalipa wenzake.

Kuhusu mkono, kikoba ni kizuri kuliko vyote. Aibu ya kukosa hisa mbele ya wenzako ina nguvu kuliko nia njema. Ndugu akiomba, unamjibu kwa kweli kabisa kwamba pesa iko kikobani. Na ukifa, kikundi kinawajua watoto wako kwa majina, mara nyingi hutoa rambirambi kabla ya mazishi na hisa baadaye kwa mrithi uliyemwandikisha.

Jambo moja linapuuzwa sana: tarehe ya kuvunja. Vikoba vingi hapa huvunja katikati ya Desemba ili watu wapande nyumbani na kitu. Pesa ya mwaka mzima inakuwa mbuzi, mbege na nguo mpya, halafu ada inakuta mfuko mtupu. Kama hofu yenu ni Januari, vunjeni wiki ya kwanza ya Januari. Kama ni masika, vunjeni mwishoni mwa Machi. Mzunguko hauna sharti la kufuata sikukuu.

SACCOS

Moshi ni mji wa ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, na Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapohapo. Hivyo SACCOS, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, si kitu kigeni kwa wengi, ingawa masharti yake bado huwashangaza watu siku wanapohitaji pesa.

Shika maneno matatu. Hisa ni umiliki wako, kwa kawaida hurudishiwi taslimu, unaihamishia kwa mwingine. Akiba ndiyo dhamana ya mkopo, haitoki ovyo. Amana ndiyo unayoweza kuichukua kwa utaratibu wa kawaida. Mtu mwenye milioni 2 za akiba na sifuri ya amana hana mfuko wa dharura, ana haki ya kukopa. Ukijiunga kwa ajili ya dharura, uliza amana inatoka baada ya siku ngapi, na uombe waandike.

Kasi, basi, ni siku kadhaa kwa amana au mkopo wa dharura, na miezi kwa anayejitoa uanachama. Kupotea: SACCOS hazimo kwenye ulinzi wa Bodi ya Bima ya Amana. Angalia leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikiwa ukutani na haijaisha muda, kisha omba ripoti ya mwisho ya ukaguzi. COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, hukagua vyama hivi, na mwanachama ana haki ya kusomewa ripoti kwenye mkutano mkuu. Njia ya pili ya kupoteza ni udhamini. Ukimdhamini mwenzako naye akaacha kurejesha, akiba yako inashikwa. Weka kikomo chako mapema, mtu mmoja kwa wakati mmoja, na usione haya kukisema.

Inakua kwa gawio na riba ndogo, baada ya mkutano mkuu kuidhinisha. Mkono inaulinda vizuri sana, hasa makato yakipita kwenye mshahara kabla hujauona. Ukifa, fomu ya mrithi hurahisisha mambo, na vyama vingi vina utaratibu wa kufuta deni la marehemu. Hakiki fomu hiyo kila ndoa au mtoto anapoongezeka.

Inamfaa mwajiriwa, mwalimu, muuguzi, na mkulima wa kahawa ambaye AMCOS yake, yaani ushirika wa mazao, inafanya kazi na SACCOS. Asiye na kipato cha kila mwezi ataona masharti yanambana.

Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS

UTT AMIS ina mifuko kadhaa. Mfuko wa Umoja ulianza 2005, na ule wa Ukwasi ulianza 2013. Kwa dharura tunazungumzia Ukwasi, kwa sababu unawekeza zaidi kwenye amana za benki na dhamana za muda mfupi, na hauna ada ya kuingia wala kutoka. Unanunua vipande, kianzio ni shilingi 100,000, kisha unaongeza kwa kiasi kidogo kwa simu au benki. Utahitaji kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki iliyo kwa jina lilelile. Jina likitofautiana herufi moja, malipo hukwama. Rekebisha hilo siku ya kufungua, usingoje siku ya shida.

Kasi: siku 3 za kazi. Ukiuza vipande Ijumaa jioni, usitegemee pesa kabla ya katikati ya wiki inayofuata. Kwa hospitali ya usiku, hapana. Kwa kodi, ada au miezi ya masika ambayo tarehe zake unazijua, inatosha kabisa.

Kupotea: mfuko unasimamiwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na bei ya kipande hutangazwa. Hakuna anayekuhakikishia faida, na mwenye kukuahidi kiwango kikubwa kisichobadilika kwa jina la UTT ni tapeli. Waliokumbwa na DECI mwaka 2009, ule upatu wa "kupanda mbegu", wanajua ahadi za namna hiyo zinakoishia.

Kukua: tuseme umeweka 50,000 kila mwezi kwa miaka 2 na faida imekuwa asilimia 10 kwa mwaka. Umeweka 1,200,000, una kama 1,320,000. Laki moja na ishirini ni nzuri, inashinda mfumuko wa bei, lakini sehemu kubwa ya mfuko wako ni ile nidhamu ya 50,000. Anayehangaika wiki nzima kutafuta penye asilimia 2 zaidi, ilhali hajaanza kuweka, anajisumbua bure.

Mkono: siku 3 za kusubiri zinatosha kuua tamaa ya simu mpya. Hakuna wa kukuona haya ukiacha kuchangia, hata hivyo, na wengi huacha mwezi wa nne au wa tano. Ukifa, warithi watapita kwenye mirathi kama benki.

Mifugo

Kwa Mmaasai wa Monduli au Longido, ng'ombe ni zaidi ya akiba, na kumwambia auze wote aweke benki ni kutomwelewa. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, nako ng'ombe wa maziwa ndani ya banda analeta pesa ya kila siku na mbolea ya migomba. Tatizo ni pale mtu wa mjini anapomnunua ng'ombe mmoja kwa ajili ya dharura.

Huwezi kuuza paja. Ukihitaji 150,000, unauza mnyama mzima, na unasubiri siku ya mnada, Meserani au Weruweru, au unamwuzia dalali nyumbani kwa bei ya kuumiza. Halafu shida huja kwa watu wote pamoja. Ukame wa 2009 uliua mifugo mingi sana kaskazini, na waliowahi kuuza walikuta bei imeanguka kwa sababu kila mtu alikuwa anauza ng'ombe mwembamba. Ndigana kali humwua ndama ndani ya wiki chache, kwa hiyo hesabu chanjo na kuogesha. Kuku bila chanjo ya kideri, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi, wanaweza kwisha banda zima kwa siku chache.

Kwa upande mwingine, mfugo hukua na kuzaa, na mkono unauheshimu: hakuna anayechinja ndama ili anunue vocha. Mbuzi 5 ni akiba bora ya dharura kuliko ng'ombe mmoja, kwa sababu wanauzika mmojammoja. Ukifa, ukoo unajua wako wangapi, mradi ulisema. Kwa mifugo uliyompa mtu akufugie, mashahidi wawili na karatasi ni lazima.

Kiwanja nakipitia haraka. Ardhi haiozi, ni kweli, ila kiwanja cha kuuzwa kwa wiki moja kinauzwa kwa hasara. Kinafaa hofu ya uzeeni, siyo ya usiku wa leo.

Kwa hali yako

Kama unadaiwa mkopo wa kausha damu, anza hapo. Bakiza 100,000 hivi kwenye laini ya pili, kinachobaki chote kipeleke kwenye deni. Hakuna mfuko hapa unaokua haraka kama riba ile inavyokula. Ikiwezekana, kopa kikobani kulifuta, kisha urejeshe kikobani.

Kama unafanya kazi za mlima au safari, pesa yako huja kwa mawimbi. Kiasi cha wiki mbili kikae kwenye simu au benki. Kuanzia Juni hadi Oktoba peleka sehemu ya kila safari kwenye Ukwasi, na bakshishi iingie kabla hujafika nyumbani. Uza vipande kwa mafungu, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Aprili.

Kama unauza sokoni na pesa inaingia kila siku, kikoba cha wiki kitakufaa kuliko chochote. Ongeza akaunti ndogo kwa ajili ya usiku.

Kama una mshahara, makato ya SACCOS pamoja na amana ya mwezi mmoja vinatosha kuanzia. Ukifikisha hapo, kinachozidi kiende Ukwasi.

Kama ni mkulima wa kahawa, malipo hayaji kila mwezi. Yagawe kwa miezi iliyobaki hadi msimu ujao, sehemu ya mwezi mmoja ibaki mkononi, nyingine iwe amana au vipande. Mbuzi wachache kihambani hawadhuru.

Kama kinachokunyima usingizi ni ndugu wanaoomba, usitafute mahali pa kuficha tu. Tenga kiasi cha kusaidia, tuseme 20,000 kwa mwezi, kikae peke yake. Kikiisha, mwambie anayeomba kwamba cha mwezi huu kimekwisha, na utakuwa umesema kweli.

Na njia yoyote utakayochagua, mtu mmoja unayemwamini, mke, mume, dada au mtoto mkubwa, ajue pesa iko wapi na karatasi ziko kwenye begi lipi.